Tafadhali Andika kwa Staha

Nilifungua tovuti yangu kwa hasira. Kundi la mtandaoni la watu wa kijiji chetu lilikuwa limenitoa kwa mara ya tatu, kisa niliuliza kwa nini picha za maua ya asubuhi njema ni nyingi kuliko taarifa za maana. Kiongozi wa kundi ni binamu yangu, mtu ambaye hajawahi kuongoza hata mbuzi, lakini alibonyeza kidole kimoja tu nikajikuta nje. Nilikuwa ofisini Mtwara mjini, nimezungukwa na mafaili. Nikaapa palepale kwamba nitakuwa na mahali pangu mwenyewe ambapo hakuna wa kunitoa.

Miongozo ya wanaoanza ilinihakikishia kwamba kazi ni nyepesi. Nunua jina, kodi nafasi kwenye seva, pakia programu, chagua muonekano, anza kuandika. Alasiri moja inatosha, walisema. Mimi nilitumia wiki sita. Mara mbili nilijifungia nje ya tovuti yangu mwenyewe kwa kusahau pasiwedi, na mara moja niliifuta yote nikidhani nafuta picha ya mlima wenye theluji iliyokuja na muonekano niliouchagua. Nilikuwa nimetolewa kwenye kundi na binamu yangu, na sasa nilikuwa najitoa mwenyewe bila msaada wa mtu.

Makala yangu ya kwanza iliitwa "Karibuni". Siku ya kwanza kihesabio kilionyesha wageni tisa. Nikaenda kununua samaki soko la Chikongola kifua mbele, mtu mwenye wasomaji wake, na sikubishania hata bei. Jioni nikagundua kwamba wageni wote tisa ni mimi, kila nilipofungua kuona kama kuna aliyekuja.

Msomaji wangu wa kwanza wa kweli alikuwa mjomba, kaka yake mama yangu, aliyekuwa akilima mikorosho kijijini kwetu, upande wa Nanyamba. Kila nilipochapisha alinipigia kunieleza nilichopaswa kuandika badala ya nilichoandika. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Makala zangu ndefu kuhusu barabara na bei ya viuatilifu, alisema, watu wanazipita tu. Wenzetu walioko Dar, Masasi na ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji wanataka kujua nani kaoa, nani kajifungua, nani kafariki. Nilinuna siku mbili, kisha nikafuata ushauri wake. Ndani ya miezi michache nilikuwa na wasomaji ambao si mimi.

Walipokuja wasomaji wakaja na wengine. Waganga wa kurudisha wapenzi. Wauza dawa za nguvu. Watu wa herufi nisizozijua walionisifia makala ya harusi kisha wakanialika kucheza kamari. Na binamu yangu, kwa jina la kujificha ambalo lisingemficha hata kwa kipofu, akaandika chini ya kila makala kwamba mimi ni mchoyo na mchonganishi.

Nikasoma tena miongozo. "Linda heshima ya tovuti yako," ilisema. Basi Jumapili moja nilikaa na chai ya tangawizi nikatengeneza chujio la maoni. Orodha ya maneno yaliyokatazwa niliiandika mwenyewe, na sitaficha kwamba niliifurahia kazi hiyo: mchoyo, mlafi, mwizi, mchawi, mwongo, mvivu, mpumbavu, kunuka na mengine ambayo mwanamke wa ofisini hatakiwi kuyajua. Nikaongeza kanuni kwamba maoni yote yawe ya Kiswahili sanifu. Mtu akitumia neno baya, maoni yake yanarudishwa mlangoni na ujumbe nilioutunga kwa mkono wangu: "Samahani, ndugu. Maoni yako yana lugha isiyofaa. Tafadhali andika kwa staha." Niliusoma ujumbe huo mara kadhaa. Nilijiona nimestaarabisha mkoa mzima.

Mwanzoni mwa msimu wa korosho mjomba akafariki. Alilala mchana baada ya kula, hakuamka.

Niliandika tanzia kabla machozi hayajakauka, maana nilijua angenipigia kuuliza mbona nachelewa. Tukamzika siku ya pili. Watani wa ukoo wa hapo jirani walikuja kufanya kazi yao. Mmoja alivaa kofia ya marehemu akaigiza mwendo wake wa kuvuta mguu, mwingine akalala chini njiani kuzuia jeneza lisipite mpaka abembelezwe. Shehe akageuza uso pembeni kama afanyavyo siku zote. Lakini mtani mwenyewe hakuwepo. Nasema mwenyewe kwa sababu huyu alikuwa rafiki wa mjomba kwa miaka arobaini, mzee wa ng'ambo ya mto, na kila walipokutana walitukanana mpaka wageni wakaingilia kuamua ugomvi ambao haukuwepo. Tulisikia kwamba mguu wake uko kwenye plasta, hawezi kuvuka.

Mke wa mjomba ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu, nami namwita mama. Alikaa eda chumbani, na kila Jumamosi nilipokwenda alinitaka nimsomee maoni yaliyoandikwa chini ya tanzia. Yalikuwa mengi na mazuri, yenye dua na subira. Aliyasikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza, "Na yule?"

Yule alikuwa ameandika. Nikamsomea: "Poleni kwa msiba. Mungu awape subira."

"Endelea."

"Ni hayo tu, mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akavuta pindo la shuka lake jeupe. "Poleni kwa msiba," akarudia. "Mtani wake wa miaka arobaini. Hata karani wa benki angeongeza neno."

Kuanzia siku hiyo hakuwa na jambo lingine kichwani. Mtani anayetoa pole za heshima amemkata marehemu. Hiyo ndiyo maana yake kwetu, hakuna nyingine. Mama akaanza kumchunguza mumewe. Safari ile ya mwisho ng'ambo, mbona alirudi kimya? Au alikopa kitu asirudishe? Au alitamka neno ambalo hata utani haulibebi? Mwanamke aliyeishi na mume kwa raha sasa alikuwa amekaa chumbani anamtafutia kosa, na yeye hayupo kujitetea. Alikonda mbele ya macho yangu.

"Tumpigie tumuulize," nikasema Jumamosi moja.

Aliniangalia kama nimesema tukamfukue marehemu. "Tumpigie tumwombe matusi? Mtani haombwi, mwanangu. Akitaka atatukana, asipotaka ndiyo jibu lenyewe."

Nikarudi mjini nikiwa na hasira na mzee wa watu. Nilimwona mtu mwenye roho mbaya, anayeadhibu mjane kwa maneno sita ya adabu. Katika hasira hiyo niliandika makala nzima kuhusu urafiki wa siku hizi, nikaipa picha ya machweo, na watu wakaisifia sana.

Wiki iliyofuata tovuti ikawa nzito, ukurasa unafunguka kwa mapozi. Mwongozo ukasema niingie kwenye kumbukumbu za chujio nifute za zamani. Sikuwahi kuzifungua. Kila mstari ulikuwa na jina la aliyezuiwa, saa aliyozuiwa, na neno lililomkwamisha. Maneno yake mengine hayakuhifadhiwa. Nikafuta waganga, nikamfuta binamu yangu kwa raha ya pekee, kisha nikafika kwenye siku ya mazishi ya mjomba.

Saa nne na dakika tano: mchoyo. Saa nne na robo: mlafi. Saa nne na nusu: mwizi. Saa tano kasoro robo: mlafi tena. Mistari kumi na mmoja, na jina lilikuwa moja. Wa mwisho, saa saba kamili, ulikuwa mwongo. Saa saba na dakika nane maoni yake yakapita: Poleni kwa msiba. Mungu awape subira.

Chujio langu husimama kwenye neno baya la kwanza linalokutana nalo. Mzee alipoambiwa aandike kwa staha alikuwa ametoa neno moja akatuma tena, likamkwamisha jingine, akalitoa nalo. Kwa saa tatu, mguu kwenye plasta, kwa kidole kimoja, alinyonyoa maombolezo yake unyoya kwa unyoya mpaka yakabaki yale niliyomsomea mama. Angeandika Kimakonde, chujio lisingeambulia kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeweka kanuni ya Kiswahili sanifu, na yeye, kwa bahati mbaya, alikuwa mtu wa kufuata kanuni.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikaifuta orodha yote palepale. Waganga wamerudi tangu siku hiyo, wanastawi, na siwagusi.

Sikungoja Jumamosi. Niliomba ruhusa kazini, nikasema nina msiba, na mkuu wangu akanikumbusha kwamba siku za msiba huo nilishapewa. Nikaenda. Nilimkuta mama ameegemea ukuta, nikamweleza yote bila kujipamba: chujio, orodha, ujumbe wangu wa staha. Nilitegemea anifokee. Ningefurahi anifokee.

"Hebu nisomee hayo maneno," akasema.

Nikamsomea yote kumi na moja, kwa mpangilio wake, pamoja na saa.

"Mlafi mara mbili?"

"Mara mbili, mama."

"Na mwizi limo?"

"Limo."

Akafunika mdomo kwa shuka, mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Kumbe hakununa," akasema. "Masikini, hakununa." Kisha akaniagiza simu ya marehemu, iliyokuwa imezimwa sandukuni tangu mazishi, akatafuta namba mwenyewe. Akanipa niweke sauti ya juu.

Mzee alipokea kwa upole ulioniumiza. "Hamjambo wote hapo. Poleni tena kwa msiba."

"Koma!" mama akasema. "Pole za nini? Ni mashine ya huyu mtoto iliyokuzuia. Sisi tulikuwa tunakungoja."

Kule nilisikia kuku, na mtu akitwanga kitu kwenye kinu. "Mimi nilidhani mmenifukuza," akasema hatimaye. "Niliambiwa niandike kwa staha. Nikasema haya, wenzangu wamekuwa watu wa mtandao, hawataki tena mtani. Nikajikaza, nikawa mstaarabu."

"Mstaarabu wewe? Wewe uliyekula mpaka ukoko wa harusi yangu ukaondoka na mwiko?"

Nadhani hilo ndilo alilokuwa analisubiri tangu siku ya mazishi. Sauti ikabadilika kabisa. "Mwiko alichukua huyo mwizi wenu!" akafoka. "Nasikia mmemzika. Mifuko mmeikagua? Yule haondoki mikono mitupu, hesabuni sufuria! Na kaburi mmelichimba refu? Mvivu kweli, hilo nakubali, lakini mlafi yule akisikia harufu ya pilau atatoka na sanda yake!" Akaendelea bila kupumua. Mama alikuwa amejishika mbavu, anamsahihisha kila alipokosea: kuku walioibwa hawakuwa wawili, walikuwa watatu, na aliyeshika mlango wa banda ni yeye msemaji. Watu wa nyumba wakaja kusimama mlangoni. Mimi nilikuwa sakafuni, simu mkononi, nacheka na kulia kwa pamoja, najichukia na kufurahi.

Kisha mzee akasita. Tukamsikia anapumua.

"Na ni mwongo," akasema, taratibu sasa. "Tulikubaliana, mimi na yeye. Nitangulie mimi, yeye ndiye aje anitukane. Miaka yote hii alikuwa ananiahidi. Sasa mimi nikifa atanitukana nani?"

Mama akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na mdomo wake.

"Mimi," akasema. "Nitavuka nije nikutukane mimi."