Kibali Ambacho Sikuruhusiwa Kukiomba

Duka letu la stesheneri lilikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, na tulikuwa wawili: mimi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu aliambiwa ajiajiri, nasi tukajiajiri kwa mashine ya fotokopi na kompyuta ya mtumba tuliyoinunua Dar es Salaam. Tulichapa barua za watu na mitihani ya shule. Wateja wakipungua, nilijifunza kuandika programu kwa kitabu alichoniachia mwalimu mmoja wa kujitolea.

Programu yetu ya kwanza ya maana ilifundisha watu wazima kusoma. Ukibonyeza silabi, sauti ya wifi inaitamka. Ukiziunganisha, anakusomea neno zima. Wazo lilitokana na mama mmoja wa Kimasai aliyetuletea maziwa. Alikuwa amechoka kuweka dole gumba kwenye karatasi za watu. Siku ya kwanza alicheka sana kusikia sauti ya wifi kwenye spika huku wifi mwenyewe amekaa pale kimya. Kabla ya masika kwisha alikuwa anaandika jina lake. Wakaja na wengine, wengine kutoka Ulaya, ile kata iliyo njiani kwenda Kilosa.

Tangazo la mashindano nililiona Morogoro, kwenye duka la intaneti, nilipokwenda kununua wino. Yaliandaliwa nje ya nchi, ni ya programu za elimu, na tangazo lilisema lugha yoyote inakubalika. Tukatuma kazi yetu. Baadaye wakajibu kwamba tumepita mchujo wa kwanza. Wifi alinunua soda, tukanywa tumesimama kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa.

Kisha ikaja barua pepe nyingine. Kwa kuwa mashindano yana zawadi, walisema, kanuni za nchi yetu zinadai kibali. Bila kibali hatuwezi kuendelea.

Nikaenda Kilosa, makao makuu ya wilaya. Nilifika nimekuwa mwekundu kwa vumbi. Afisa wa biashara alikuwa mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti. Alinisikiliza vizuri hadi mwisho.

"Hao waandaaji wako wapi?"

"Ulaya, mzee."

"Ulaya hii ya kwetu?"

"Hapana. Ya Wazungu."

"Aa. Basi hiyo ni bahati nasibu."

"Siyo, mzee. Ni kazi. Nimeandika programu, wao wanaipima."

"Zawadi ipo?"

"Ipo."

"Una uhakika wa kuipata?"

"Sina. Ni mashindano."

"Basi ni mchezo wa kubahatisha," akasema kwa upole, kama mtu anayenisaidia.

Nikamwambia hata kwaya hushindana na hupewa zawadi. Akasema mambo ya kwaya hayamhusu. Akanielekeza Dar es Salaam, kwenye ofisi inayosimamia michezo ya kubahatisha.

Dar es Salaam nilisukumwa kutoka meza hadi meza, mpaka nikafika kwa dada mmoja wa umri wangu. Yeye ndiye pekee aliyefungua kanuni zenyewe na kuzisoma mbele yangu.

"Dada, kibali hiki haombi mshiriki. Anaomba mwandaaji, na lazima awe na ofisi hapa nchini."

"Afungue ofisi kwa ajili yangu mimi?"

"Ndivyo kanuni inavyosema."

"Kwa hiyo nimekatazwa kushindana?"

"Hakuna aliyekukataza. Ila haiwezekani."

Angenifokea ningejua pa kupeleka hasira yangu. Lakini alinionea huruma, akanitolea hata kopi ya ukurasa ule bila malipo, nami nikatoka nimeikunja mkononi kama tiketi ya basi lililokwisha ondoka. Niliwaandikia waandaaji nikawaeleza yote. Walijibu kwa adabu kwamba wanasikitika, na kwamba mwakani nchi zenye masharti ya aina hiyo hazitaalikwa kabisa.

Niliporudi Mikumi, wifi alikuwa na lake. Binamu yake alikuwa anasoma Uingereza.

"Bado wanapokea. Tutume upya kwa jina lake," akasema. "Kazi ni ile ile."

"Ikishinda atakuwa ameshinda yeye."

"Na isiposhinda sisi tutakuwa nani? Wifi, mle ndani ni sauti yangu. Miezi yote ile nimekaa nasema ba, be, bi. Na mimi nina haki ya kusema."

Alikuwa na haki, ila nilishindwa kukubali. Niliona nikishaificha nchi yangu mara moja nitaificha maisha yangu yote. Akachukua mkoba wake akaondoka, na siku ya mwisho ya kutuma ikapita hatusemezani.

Mama wa maziwa akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikamweleza, pamoja na habari ya kibali.

"Sasa waliokataa ni wa kwetu au wa huko?"

"Wa kwetu wanasema ni wa huko. Wa huko wanasema ni wa kwetu."

Akatikisa kichwa, akanipimia maziwa.

Wifi alirudi dukani kabla ya mwezi kuisha, akaanza kufagia, na hatukuliongelea tena. Baadaye alipata kazi ya ofisini Morogoro. Programu iliendelea kufundisha watu hadi umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, ukaunguza kompyuta. Nakala ninayo mpaka leo, kwenye sidii. Niliponunua mashine mpya niliishika ile sidii, nikaitazama, nikairudisha kwenye droo. Nikafungua ukurasa mtupu, nikachapa barua ya mteja aliyekuwa akisubiri.