Kupiga Magoti na Kuinuka

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja nilipotia sahihi uongo nikiwa nimepiga magoti. Nilikuwa najifunza uuguzi katika hospitali moja hapa Kampala. Nafasi ile alinitafutia sista, muuguzi msimamizi wa wadi yetu, maana baba yangu alikuwa polisi wa cheo cha chini, hakuwa na mtu wa kumsemea. Basi nikashukuru hadi nikapitiliza. Kila asubuhi nilimsalimu sista kwa magoti, na siku zangu za mapumziko nilikwenda kwake Ntinda kumfulia. Nilijiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wee, niliinama mpaka kiuno kikazoea!

Siku hiyo alisahau sindano ya saa sita ya mzee wa kitanda cha tatu. Akanisogezea kitabu cha wadi.

"Andika ulichoma yeye."

"Sista, lakini..."

"Nani alileta wewe hapa? Si mimi?"

Nikatia sahihi. Niliogopa kuambiwa fadhila za punda ni mateke.

Zamu ilipokwisha nikaenda soko la Owino, mama alikokuwa akiuza mitumba. Mama ni Mganda, na magoti hayo alinifundisha yeye. Nikamsimulia, nikitegemea anionee huruma. Aliendelea kukunja blauzi, kisha akasema, "Mimi nilifundisha wewe kupiga magoti. Mtu anashukuru, anainuka. Wewe mbona ulibaki chini? Na huyo mzee?"

Mzee! Muda wote nilikuwa najililia mwenyewe tu. Nilirudi mbio, aibu imenijaa.

Nikapiga magoti mbele ya sista. "Asante kwa kunileta hapa." Nikainuka. "Lakini sahihi yangu naikata. Mzee bado hajachomwa."

Machozi yakamlengalenga. Usimchukie, mwanangu, alikuwa anahudumia wadi mbili peke yake tangu alfajiri. "Leta sindano," akasema. Mzee akachomwa. Sista alininunia miezi miwili, na kufua kukaisha hapo.

Sasa na wewe uko mafunzoni, unachoka, na yupo mtu aliyekufungulia mlango. Mshukuru, tena mbele za watu. Mbebee mkoba ukipenda. Lakini jina lako usimpe, na uhai wa mgonjwa si wako hata uutoe kama shukrani. Akisema huna adabu, kesho mwamkie kwa adabu ileile.

Mungu akupe magoti mepesi ya kushukuru, mwanangu, na miguu ya kuinukia.