Kidole Changu Kwenye Jina la Mama

Msinitafutie udhuru, maana sina. Mama yangu kafa kwa kidole changu mimi, hiki hiki cha shahada, na nnaandika bila jina kwa sababu ndugu zangu hawajui mpaka leo.

Sisi ni watu wa Sib, huku Omani, wazee wetu walitoka Unguja. Hospitali tunayotibiwa ilileta mtindo mpya: makaratasi basi, faili la mgonjwa linakaa kwenye wingu, yaani kwenye makompyuta ya watu huko tusikokujua, na kulifungua ni kwa kidole. Siku ya kumsajili mama alikuwa katoka harusini kwa mjukuu wake. Ncha zote za vidole hina imekolea! Anaweka, mashine inakataa. Anafuta kwenye buibui, anaweka tena, inakataa.

"Mwanangu, turudi ikishafutika," akanambia.

Mimi na haraka zangu! Nlikuwa nimeomba ruhusa kazini kwangu, mtaa wa Hamriya, na bosi wangu ana mdomo. Binti wa mapokezi kageuka kupokea simu, nami nkabandika kidole changu. Mashine ikakubali.

"Hicho si changu, we mtoto!"

"Mama nawe! Kidole ni kidole. Kila ukija si nnakuja nawe?"

Na kweli, kila miadi tulikwenda pamoja. Nnajifanya namshika mkono kumsaidia, kumbe nnabandika mimi. Tukitoka tunacheka.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo nipo kazini, mama kapandwa na homa, hajitambui, hasemi. Jirani, Mungu amlipe kheri, kamkimbiza hospitali. Kitambulisho chake kilikuwa kwenye mkoba wangu, maana shughuli zake zote nlizifanya mimi. Kuulizwa jina, jirani anamjua kwa Bi Tatu tu, jina la nyumbani. Kwenye mashine ya hospitali hakuna Bi Tatu. Wakambandika kidole chake mwenyewe, safi, hakina hina hata chembe.

Mashine ikasema mtu huyu hajulikani.

Wakamfungulia faili jipya, tupu, wakampiga sindano ya penisilini. Kwenye faili lake la kweli imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba sindano hiyo haimfai, itamuua. Lakini faili hilo nlilifunga mimi, kwa kidole changu!

Nlipofika, kashafunikwa shuka. Ya Rabbi, nilie vipi?

Baada ya arubaini nkaenda hospitali kuomba walifute lile faili lenye kidole changu. Kisa chote sikusema, nliona haya. Bwana wa kompyuta akatikisa kichwa. "Ukhti, hapa n'talifuta. Lakini wingu limeshawapa nakala watu wa bima, maduka ya dawa, na wengine hata mimi siwajui. Neno la siri mtu hubadilisha. Wewe kidole utabadilisha nini?"

Juzi nimeingia duka la dawa, kichwa kinaniuma, nkagusa kioo cha mashine yao ya vidole. Likatoka jina la mama. Karibu tena, dawa zako za presha ziko tayari.

Kifo chake kimeandikwa kwenye lile faili jipya. Huku kwenye kidole changu, mama yu hai. Na siku n'kianguka njiani nisiweze kusema, watanitibu kama ni yeye.

Basi ewe mwenye mzee nyumbani, akikwambia mrudi ikishafutika, rudini. Hina hufutika, wallahi. Mngojee.