Makambako Kufunga Ekzosi, Mama Mkwe Akiwa Kiti cha Nyuma

Safari hii ilianzia kanisani. Jumapili moja hapa Njombe, padri akiwa bado mlangoni anasalimiana na waumini, nilimpakia mama mkwe wangu nimrudishe nyumbani, na ekzosi ya gari langu, lile bomba la kutolea moshi, ikadondoka palepale. Gari ni dogo, lina turbo ya kuliongezea nguvu, na bila ekzosi linanguruma kama mashine ya kusaga. Padri alisema kitu. Hakuna aliyemsikia.

Mke wangu Edita aliona aibu ya kutosha ukoo mzima. Tatizo kubwa lakini lilikuwa Alhamisi: mama alitakiwa awe hospitali ya Ikonda kutibiwa goti, na gari lilikuwa hilo hilo.

"Nenda Makambako ukafunge nyingine," Edita aliniambia. "Na uende na mama. Yeye ndiye atakayekaa nyuma mpaka Ikonda."

Jumatatu asubuhi tukaondoka kwenye ukungu, bomba la zamani nimelifunga kwa waya. Kwetu mtu na mama mkwe wake huongea kwa kipimo, kwa hiyo yeye alikaa nyuma na mwavuli wake, mimi mbele na ndoto zangu. Nilitaka bomba nene lililonyooka, lisilo na sailensa hata moja ya kupunguza kelele. Nilitaka Njombe nzima ijue nina turbo.

Makambako tulimkuta fundi Sanga, mtu wa Makete, mpole kuliko kazi yake. Alimwamkia mama, "Kamwene," kisha akaingia chini ya gari.

"Turbo inazungushwa na moshi," alisema akiwa huko chini. "Moshi ukibanwa, inachelewa kuamka. Bomba linalotoka kwenye turbo tulipanue. Huku nyuma ni wewe: uweke sailensa au uache wazi."

"Nikiacha wazi napata nguvu zaidi?"

"Kidogo. Kelele ndiyo utapata nyingi."

"Acha wazi," nikasema.

Sanga alipomaliza kuchomelea, mimi na mama tulitoka kulijaribu gari kwenye barabara ya kurudi Njombe. Nilipokanyaga mafuta, turbo iliamka na kunibandika kwenye kiti. Nikacheka peke yangu. Watu waliokuwa wakipakia viazi kando ya barabara waligeuka wote, nami nikakanyaga tena ili wasijutie kugeuka.

Kitu kikanipiga begani. Ulikuwa mwavuli. Nilipotazama nyuma, mama alikuwa amejikunja, ameshika goti kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

Nikasimamisha gari na kuzima injini.

"Nimekuita tangu kwenye kona ile," alisema. "Mguu umekaza. Nimeita mpaka sauti imekauka."

Sikuwa nimesikia hata neno moja. Nilifungua mlango, nikaushika mguu wake na kuunyoosha polepole. Mkwe kushika mguu wa mama mkwe si jambo la kufanyika mbele za watu, kwa hiyo sote wawili tuliangalia viazi mpaka maumivu yalipopungua.

Tuliporudi kwa Sanga, nilimwambia aweke sailensa mbili.

"Umeogopa trafiki?" akauliza.

"Nimemwogopa mama."

Akazifunga, akalinyanyua na bomba lenyewe lisije likabaki kwenye tuta. Tulipotoka kulijaribu tena, nilimpa Sanga usukani. Mama alikaa mbele, mimi nyuma. Turbo ilivuta vizuri kama mwanzo, ila sauti ilikuwa nzito na ya chini, na nilimsikia mama akimuuliza Sanga ana watoto wangapi.

Jioni tukaanza kurudi Njombe. Kuanzia Mtwango nilimweleza mama upana wa bomba, kazi ya moshi, na jinsi turbo inavyoamka. Alifumba macho. Nikadhani anafurahia, nikarudia kuanzia mwanzo.

Nilichojifunza ni hiki: anayetaka kuchagua ekzosi aende akakae kiti cha nyuma, amwachie mwingine usukani. Mbele, nguvu ya gari huziba masikio kabla hata ya kelele.

Tulipofika nyumbani, Edita alitoka kutupokea, akamuuliza mama yake gari likoje sasa.

"Gari limetulia," mama akajibu, akishuka kwa kuegemea mkono wangu. "Aliyebaki kufungwa sailensa ni mumeo."