Mkono Unacheza

Nilipokuwa darasa la saba, miaka ya sitini, koo lilinivimba nikashindwa kumeza hata uji wa mtama. Mama alinisukutuza kwa maji ya chumvi, koo likapoa, tukalisahau. Wiki kadhaa baadaye mkono wangu wa kulia ukaanza mambo yake. Nilishika mwiko, mkono ukaurusha. Niliandika herufi, kalamu ikaruka nje ya mstari. Bega lilipanda lenyewe, nami nikilitazama kama la mtu mwingine.

Tulikaa upande wa Kocholia, na mimi ndiye msichana pekee wa boma letu aliyefika darasa hilo. Baba alisema wazi: nikipita mtihani, naenda sekondari, nikianguka, naolewa. Maisha yangu yote yalikuwa kwenye mkono huo.

Mwalimu wetu alitoka mbali, na alikipenda Kiswahili chake kuliko alivyotupenda sisi. Mama, mtu wa kabila la Wateso aliyeokota Kiswahili sokoni Malaba, alimfuata shuleni.

"Mwalimu, mkono ya huyu mtoto inacheza."

"Hapa si mahali pa kucheza, mama."

"Hapana, inacheza yenyewe."

"Basi mimi nitaufunza kutulia."

Akaufunza. Viboko vya kiganjani mbele ya darasa, na kadiri nilivyoogopa ndivyo mkono ulivyozidi kurukaruka, naye akaona namletea dharau. Nikajifunza kuikalia mikono yangu. Wenzangu walicheka. Siwalaumu, walikuwa watoto. Yeye alikuwa na ndevu.

Mama akanipeleka dispensari. Dresa wa pale, mhudumu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, aliuliza yale aliyomwuliza kila mzazi, macho yakiwa kwenye chupa zake.

"Mtoto anakula?"

"Kidogo, daktari. Chakula inamwagika."

"Anacheza?"

Nilimwona mama akichangamka, kwamba hatimaye mtu ameuliza.

"Anacheza! Mchana yote anacheza. Mpaka alale ndio anaacha."

Dresa akacheka. "Watoto wote wako hivyo. Huyu ni mzima, mama."

Mikono nilikuwa nimeikalia, kama nilivyozoea. Tukapewa vidonge vya malaria, na mama akamshukuru kwa mikono miwili. Shukrani ile bado inaniuma kuliko viboko.

Siku ya mtihani karatasi yangu ilionekana kama kuku amepita juu yake. Nikaanguka. Miezi michache baadaye mkono ukatulia wenyewe, bila dawa, bila kuniomba radhi. Wakati huo ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia bomani.

Mimba ya kwanza ndiyo iliyonipeleka hospitali ya misheni, pumzi ikinikata hata nikibeba mtungi mtupu. Daktari alisikiliza moyo, kisha akaniuliza kuhusu koo, na kuhusu mikono. Nilishtuka, maana sikuwa nimemtajia. Akanieleza kwamba kinga ya mwili, iliyotoka kupigana na ugonjwa wa kooni, ilikosea adui ikashambulia moyo, na ubongo pia, ndiyo maana mkono ukacheza. Ubongo ulipona, moyo ukabaki na kasoro. Akasema ningechomwa sindano za penisilini mapema, huenda moyo ungepona. Alisema kwa upole. Nilitamani asingesema.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nauza chai karibu na stesheni ya Malaba. Asubuhi moja akaingia mzee mwenye fimbo ya kutembelea, nikamtambua mwalimu wetu kabla hajaketi. Yeye hakunijua. Aliinua kikombe, kikamgonga meno, chai ikammwagikia kifuani.

"Samahani, mama," akasema, akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. "Siku hizi mkono unacheza."

Nilimwelewa mara ya kwanza. Sikuhitaji arudie, wala sikumwuliza ni mchezo gani. Nilimpa kitambaa, nikamwekea chai nyingine, nusu kikombe ili isimwagike. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya jiko, kwa sababu nilikuwa nalia, na si kwa ajili yake.