Mgeni Aliyemchoma Dada Sindano za Uso

Msiniambie niliota. Nilikuwa macho, kwenye saluni yangu hapa Shanwe, na jua lilikuwa halijazama. Anayebisha aje amtazame dada yangu Mwajuma usoni, halafu tuongee.

Dada anauza vitenge sokoni. Jioni ile nilikuwa namsuka kwa ajili ya send-off, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa, naye kila akijiona kwenye kioo anayavuta makunyanzi ya pembeni ya macho.

"Watu watanidhani bibi yake," akasema, tukacheka. Nyie mngemsikia akicheka! Kicheko cha kukwaruza, kinaanzia puani, kinaishia kwa kupiga mapaja.

Mama mmoja akasimama mlangoni. Hatukusikia bajaji wala pikipiki. Uso wake laini kama wa mtoto mchanga, lakini mikono, niaminini, ilikuwa ya kikongwe.

"Shikamoo," nikajikuta namwamkia.

Hakuitikia. Alimwangalia dada tu. "Hayo makunyanzi nayatoa kwa sindano. Sitaki hela."

Mtu gani anafanya kazi hiyo bure? Nilimkonyeza dada, lakini alishafumba macho. Yule mama akamchoma pembeni ya macho, kisha pembeni ya mdomo. Hata tone la damu halikutoka. Nikaangalia bomba la sindano: tupu, halina dawa. Hakuwa anasukuma kitu ndani. Alikuwa anavuta.

"Haya, na wewe kaa," akaniambia.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka kwenye saluni yangu!"

Akatoka taratibu. Alipofika barazani akacheka, na kicheko kilikuwa cha dada yangu, kilekile, kuanzia puani. Nilikimbilia nje nikakuta kweupe.

Kwenye send-off dada alipendeza, picha zipo. Ila alipomkumbatia binti yake machozi yalimtiririka, na uso haukujikunja hata kidogo. Hospitali walisema kama ni dawa, itaisha nguvu yenyewe. Haijaisha. Mjukuu amezaliwa, sasa anatambaa, na akimwona bibi yake anapiga yowe. Dada ananipa mimi nimbebe, yeye anakwenda kukaa uani.

Siwakatazi kutaka uzuri. Ila wewe unayechomwa na mtu usiyemjua, usifumbe macho. Angalia bomba. Likiwa tupu, inuka ukimbie, hata kama upande mmoja wa uso umeshachomwa.