Sikio Lilimponza, Sasa Anayasoma Matikiti kwa Macho

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Verdiana Kasonso amepiga magoti nyuma ya nyumba yake Kawajense, mjini Mpanda, mbele ya tikiti maji. Haligongi. Analipindua taratibu, analitazama tumbo, yaani upande uliolalia udongo, kisha anashika kijiuzi kilichojisokota pembeni ya kikonyo.

"Hiki kikiwa kibichi, tikiti bado," anasema. "Kikikauka chote na tumbo likawa la njano, chuma."

Bustani ni ndogo, mashina arobaini tu yanayomwagiliwa kwa ndoo kutoka kisima cha jirani. Lakini kwa mama huyu wa miaka 56, mzaliwa wa Usevya aliyekulia kwenye mpunga, hapo ndipo alipojijengea jina.

Jina hilo liliingia doa mwaka jana. Kwa miaka tisa Verdiana alichagua matikiti kwa kuyagonga kwa kidole na kutega sikio. Bichi hulia kwa sauti kali, lililoiva hutoa mlio mzito. Kumbe masikio yake yalikuwa yanafifia bila yeye kujua, na kwake kila tikiti likawa na mlio mzito.

Akapeleka ishirini kwenye sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa jumuiya yao ya kanisa. Mwenyekiti, Bernadetha, alipopasua la kwanza mbele ya wageni, ndani lilikuwa jeupe. La pili hivyo hivyo.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wateja walihamia sokoni kimyakimya.

Msimu huu ameanza upya kama mwanafunzi. Ua likifunga tunda, hufunga kitambaa kwenye kikonyo chake, rangi moja kwa kila wiki, ili ajue umri wa kila tikiti. Mengine anayaachia macho na vidole.

Saa mbili hodi inapigwa. Ni Bernadetha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya aibu. Anataka matikiti sita ya kipaimara cha bintiye Scola, keshokutwa. Verdiana anamchumia manne. Mgeni anaonyesha mawili mengine, makubwa kuliko yote.

"Hayo bado siku tano, mama Scola."

"Lakini mimi nahitaji sita."

"Yaliyoiva ni manne."

Bernadetha anaomba kisu, analipasua moja kati ya yale manne palepale. Jekundu mpaka karibu na ganda. Anakula kipande akiwa amesimama, anafuta kidevu, kisha anauliza kama yale mawili anaweza kuwekewa kwa ajili ya jumuiya, Jumapili ijayo. Verdiana hajasikia. Inabidi mwenzake arudie kwa sauti, na anaposikia, machozi yanamlengalenga.

Akimaliza mavuno haya atakwenda hospitali kupima masikio.

"Wakisema hayaponi, basi," anasema. "Mwakani nakodi shamba Mwamkulu. Shamba kubwa. Mtu akitaka tikiti, aje mpaka karibu aniguse bega."